Daftari Limejaa, Kinyongo Kipo Palepale

Ukurasa wa maswali ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na neno moja: kumanifesti, yaani kuamini kuwa ukikiwaza na kukitamka kitu kama umeshakipata, kitakujia. Mmoja ameliandika kwa wino mwekundu. Tumechukua tano, tumezifupisha, na majina tumeyabakisha kabatini.

Assalaam alaykum. Ni mwanamke wa miaka 34, Wete. Niliachwa mwaka jana baada ya miaka 9 ya ndoa, na habari kuwa kaoa nilizipata kwa watu. Nikajiunga na mwalimu wa mtandaoni anayefundisha sheria ya mvuto, kwamba unachokiwaza ndicho unachojivutia, nikalipia darasa la siku 33. Kila siku naandika: "Nimesamehe, nina furaha, mimi ni sumaku ya mapenzi ya kweli," asubuhi mara 3, mchana mara 6, usiku mara 9. Mchana nacheka na watu. Saa nane za usiku naamka kifua kimebana, namuona yule mwanamke kakaa chini ya mapazia niliyoyashona kwa mkono wangu. Mwalimu ananambia nishati yangu iko chini, sijaamini vya kutosha. Kosa ni langu? Haya mambo yatanitibu au nitafute njia nyengine?

Waalaykumu ssalaam, dada. Kosa si lako. Na hapana, hayatakutibu. Tutakueleza kwa nini, usije ukalipia na darasa la pili.

Itazame ile sentensi. "Nimesamehe, nina furaha." Kila ukiiandika kuna kitu ndani kinakujibu: "Wapi!" Mara 18 kwa siku unaandika, mara 18 unajibiwa. Kwa siku 33 hayo ni mabishano 594, na wa kubishana nao ni moyo wako mwenyewe. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada waliwapa watu sentensi ya aina hiyo, kwamba mimi ni mtu wa kupendeka, wairudie kila kengele ikilia. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walipata nafuu kidogo. Waliojiona duni, ambao ndio hasa wanaouziwa sentensi hizi, walitoka wakijisikia vibaya kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakuambiwa waseme chochote.

Na kule kujikataza kumfikiria huyo mwanamke nako kuna gharama. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi Marekani wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5. Wakashindwa. Baadaye walipoachiwa wamfikirie watakavyo, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzo. Akili haiwezi kuhakikisha kitu hakipo mpaka ikichungulie. Mchana una kazi na watu, mlinzi yuko macho. Saa nane za usiku mlinzi kachoka, na aliyefungiwa anatoka.

Mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua hili kwa njia yao. Ukuta wa mawe na chokaa ukiupaka rangi ya mafuta, unang'aa. Kumbe unyevu umekosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, na baada ya muda ukuta unavimba malengelenge na kubanduka. Fundi mzuri haongezi mkono wa pili wa rangi. Anakwangua.

Kuhusu mwalimu, mpime kwa swali moja: ni matokeo gani yangemfanya akiri kuwa somo lake halifai? Ukipata, sifa za somo. Ukikosa, imani yako ndogo. Fundi wa namna hiyo hata gari likikataa kuwaka atasema dereva ana nishati ya chini. Wala si siri ya kale kama inavyopambwa. Mzizi wake ni Marekani ya karne ya 19, kwa watu kama Phineas Quimby, fundi saa wa Maine aliyefariki 1866, aliyeshikilia kuwa maradhi ni imani potofu ya mgonjwa. Hizo 3, 6 na 9 wanamsingizia Nikola Tesla. Tesla alikuwa mhandisi wa umeme. Hakuacha somo la kuandikia waume.

Sasa kazi. Chukua daftari jipya, na kabla ya lolote tafuta jina la hicho kinachokubana kifua. "Najisikia vibaya" si jina. Sisi watu wa pwani tumebahatika, lugha imetuwekea akiba. Hamaki ni ile hasira inayopanda ghafla na kushuka. Kinyongo ni hasira iliyowekwa ndani ikachacha. Wahka ni kukosa utulivu kwa jambo ambalo halijafika. Kihoro ni uchungu wa kupotelewa. Soni ni ile haya inayokufanya uinamishe uso. Fedheha ni kuvuliwa nguo mbele za watu. Mtu anayeziita zote hizi "stresi" ni kama muuza duka anayeita kila kiungo "bizari".

Jina lina kazi, kwa sababu kila moja lina mlango wake wa kutokea. Hamaki inashuka kwa pumzi: vuta ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika 5, mabega yameachiwa. Kihoro hakisikii pumzi. Kinataka kuliliwa na kinataka mtu wa kukaa nacho. Soni inapungua ikisemwa mbele ya mtu mmoja asiyecheka. Kinyongo kinataka uulize: kinadai nini? Maana vinyongo vyengine si maradhi, ni madeni. Ikiwa kuna mahari yaliyobaki, matumizi ya eda ambayo hukupewa, au vyombo vyako viko kule, hilo lipeleke Mahkama ya Kadhi na usilibebe usiku kitandani.

Mapazia umeyataja mwenyewe. Mtu haamki saa nane kwa ajili ya kitambaa. Huenda kinachouma ni miaka 9 ya mikono yako iliyobaki nyumbani kwa mwengine, na juu yake fedheha ya kuambiwa na watu. Hicho ni kihoro na fedheha, na wivu wa mapenzi pengine ni kidogo kuliko unavyodhani. Jipime hivi: ungerudishiwa yule mume kesho, kifua kingefunguka? Ikiwa jibu ni hapana, basi hata hiyo sumaku ikifanya kazi itakuletea kitu ambacho sicho kinachokuamsha.

Ukishapata majina mawili au matatu, andika kwa siku 4 mfululizo, dakika 15 kila siku, wakati ambao huna haraka baada yake. Njia hii aliijaribu James Pennebaker na wanafunzi wa Texas, matokeo yakachapishwa 1986: walioandika tukio zito pamoja na walivyohisi walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Andika lililotokea na ulivyohisi, vyote viwili. Usijali herufi wala nukta. Daftari halisomwi na mtu; ukimaliza lichome jikoni ukitaka.

Haya ndiyo yanayoharibika. Siku ya kwanza na ya pili utajisikia vibaya zaidi kwa saa moja au mbili. Ni kawaida, kwa hiyo usiandike karibu na kulala. Kosa la pili ni kurudia malalamiko yaleyale siku zote nne. Huko ni kutafuna, na kutafuna hakumezeshi. Alama ya kuwa unasogea ni maneno: kufika siku ya tatu yaanze kutokea "kwa sababu", "kumbe", "sasa naona". Yasipotokea, siku ya nne iandike hadithi hiyohiyo kama inavyoonekana na dada yako au jirani aliyekuwa karibu. Na ikiwa jambo fulani linakufanya utetemeke kila ukiligusa, liache, andika jengine. Hilo ni la kwenda nalo kwa mtaalamu.

Usiku: ukiamka na dakika kama 20 zimepita hujalala, toka kitandani. Kaa ukumbini, taa hafifu, simu ibaki mbali. Andika mstari mmoja tu: "Saa nane, kihoro." Rudi ukisikia usingizi. Na kila siku baada ya alasiri jitengee dakika 15 za kumfikiria huyo bwana na mkewe makusudi, umekaa kitako. Inaonekana kichekesho, lakini wazo lenye miadi yake halina haja ya kukuvizia.

Kusamehe usikuandike kabla hakujawa. Kunakuja mwisho, wakati mwengine hakuji, na mtu anaishi. Ukitaka sentensi ya kurudia asubuhi, ichague moja ambayo moyo hautaibishia: "Jana nilipika, nikala, sikumpigia simu." Fupi, haina sumaku.

Nina miaka 24, Kwahani. Nimeitwa intavyuu ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Kaskazini, bado siku 10. Ukutani nina ubao wa ndoto: picha ya sare, gari, hata beji nimejitengenezea. Kila usiku nafumba macho najiona nimeshaajiriwa, nalala na furaha tele. Rafiki zangu wananicheka. Kuna ubaya?

Ubaya ni hiyo furaha, kijana wetu. Umeshakula karamu kabla ya kupika.

Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi, wakachapisha 2002. Waliojizamisha zaidi kwenye picha tamu za mafanikio, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Lakini angalia hapa, maana watu wanachanganya: waliotarajia mema kwa sababu ya uzoefu walionao walifanya vizuri. Kutumaini kwa ushahidi na kuota ndoto tamu ni vitu viwili. Ndoto inaupa mwili ujumbe kuwa tumeshafika, na mwili unapumzika.

Ubao usiubandue, lakini badilisha kinachochezwa kichwani. Lien Pham na Shelley Taylor (1999) waliwaambia baadhi ya wanafunzi wajione wamepata alama nzuri, na wengine wajione wakisoma: wamekaa wapi, saa ngapi, wanafungua kitabu gani. Waliojiona wakisoma walianza mapema na walifaulu zaidi. Kwa hiyo usijione na beji. Jione umeingia mlangoni, umesalimia, umeulizwa, "Mgeni amefika saa mbili asubuhi na chumba hakijawa tayari, utafanya nini?" na umejibu.

Kisha fanya hili mara moja kwa siku, dakika 5 hadi 10, kwa mpangilio huuhuu. Taja haja yako kwa maneno machache. Waza jema kubwa litakalotokana nayo, dakika moja, lionje. Halafu tafuta kikwazo kilicho ndani yako. Si "wanaajiri watu wao". Hilo huenda ni kweli lakini huna mkono nalo. Kilicho ndani ni kama: nikiulizwa kwa Kiingereza nababaika, nasema maneno mbiombio. Mwisho funga mpango wa ikiwa na basi: "Ikiwa nitababaika, basi nitavuta pumzi moja na kuomba swali lirudiwe." Peter Gollwitzer ndiye aliyeufanyia utafiti mpango wa namna hii, na nguvu yake iko katika kutaja hali halisi. "Basi nitajiamini" si mpango, ni dua tena.

Usianze na kikwazo. Mpangilio ukigeuzwa, haja haishikani na kizuizi, na unabaki na wasiwasi tu. Na ikiwa baada ya kukitazama kikwazo unaona hakipitiki, usione umeshindwa. Hiyo nayo ni habari, umeipata ukutani kwako bure badala ya kuipata miaka miwili baadaye.

Siku 10 zinatosha kumpata mtu wa kukuuliza maswali 15 kwa Kiingereza kila jioni. Hao rafiki wanaokucheka wape kazi hiyo.

Mimi mkulima wa mwani, Jambiani. Joto lilipozidi, mwani wangu uligeuka mweupe ukakatika kambani. Nilipompigia binti yangu aliyeko mjini, akanambia: "Mama usitamke hayo, unajivutia mabaya. Sema mwani umenawiri." Tangu siku hiyo simwambii kitu. Nimekosea wapi?

Hujakosea, mama. Mwani, hasa ule wa aina ya kotonii, haustahimili maji yakipata joto: unadhoofika, matawi yanakuwa meupe na laini, yanakatika. Hakuna tamko linalopoza bahari. Kinyume chake, ukitamka mapema kuna linalofanyika: kuvuna uliosalia kabla haujakatika wote, au kusogeza kamba kwenye maji ya kina. Aliyekatazwa kutamka anafika bamvua linalofuata akakuta vigingi vitupu.

Mwambie binti: "Mwanangu, leo usinitie moyo. Nisikilize dakika 10, nikimaliza ndio useme." Wengi wanaokimbilia maneno matamu si wakatili, wanaogopa huzuni ya mzee wao na hawajui waiweke wapi. Na wewe binti, ukiusoma ukurasa huu: tuna neno "pole". Liseme, kisha uliza, "Zimeharibika kamba ngapi?" Ukitajiwa hesabu, ndipo utajua umsaidie nini.

Nasomesha skuli Chake Chake. Mimi naona kumanifesti ni husnudhan, kumdhania Mungu mema, tu kwa jina jengine. Qur'ani yenyewe inasema Mungu habadilishi yaliyo kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Sasa mnapinga nini?

Hukumu ya sheria muulize sheikh, mwalimu. Sisi tutasema la upande wa moyo.

Mwenye kuomba dua ana anayemuomba. Anaweza kupewa, kucheleweshewa, kunyimwa, na akinyimwa ana pa kulilia. Mwenye kumanifesti anaagiza, na mzigo usipofika wa kulaumiwa ni mwagizaji peke yake. Huko ndiko alikofika dada yetu wa Wete.

Ile aya ya 11 ya Surat Ar-Ra'd tunaipenda pia, lakini isome polepole: wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Kubadilisha kunaanza kwa kukitazama kilichomo. Tazama Surat Yusuf. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni (84), akasema anamshitakia Mungu sikitiko lake (86), na hapohapo akawaambia wanawe wasikate tamaa, waende wakatafute (87). Chozi, shitaka, tumaini na safari, vyote kwa mtu mmoja, ndani ya aya chache. Hakuna aliyemwambia anajivutia mabaya. Na yule mwenye ngamia katika Hadithi aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Wenzetu wa mtandaoni wanauza kutegemea bila kamba.

Kaka yangu ana miaka 29. Tangu biashara yake ivunjike, wiki ya tatu sasa hatoki chumbani. Hali chakula, amekonda, kutwa kavaa spika za masikioni anasikiliza sauti za fikra chanya. Wengine wanasema tumuache ajijenge. Mimi nataka tumpeleke Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, mama anaogopa watu watasema. Tufanyeje?

Mpelekeni, na msingoje wiki ya nne. Huzuni inayokaa siku nyingi za wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa hamu ya kula, usingizi kuharibika, kujitenga na kujiona hafai, hiyo ni sonona mpaka daktari aseme vyengine. Sauti za masikioni haziitibu. Inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au vyote viwili.

Leo hii, mkiwa wawili tu, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani; mara nyingi kunampa mtu nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni kamba, visu, sumu ya panya na dawa zilizolundikana nyumbani, na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu mama: mkitaka, anzeni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali yoyote yenye daktari, muombe muelekezwe. Si lazima mlango wa kwanza uwe Kidongo Chekundu, ingawa huko ndiko waliko wenye ujuzi huo, na wanaopita pale ni watu wa mitaa yetu hii hii. Aende na mtu mmoja anayemuamini, si msafara.

Andikeni karatasi kabla ya kutoka: ilianza lini, analala saa ngapi, anakula nini kwa siku, amepungua kiasi gani, nani mwengine katika ukoo aliwahi kuugua hivi, na dawa zote anazotumia. Kama anakunywa kombe au dawa za miti iandikwe nayo, na anayempeleka asione haya kuitaja. Daktari anahitaji kujua kilichomo tumboni kabla hajaongeza chake.